Usichanganye Chokaa Iliyozimwa na Mbolea ya Kupandia

Kila msimu wa kupanda mahindi unapokaribia katika Nyanda za Juu Kusini, wapo wakulima wanaomimina chokaa na mbolea katika ndoo moja, wakakoroga, kisha wakatia mchanganyiko huo shimoni pamoja na mbegu ili kupunguza gharama za vibarua. Kwamba udongo mwingi wa Njombe na Mbozi una tindikali na unahitaji chokaa, wakulima wanalijua na sina haja ya kulirudia. Ninaandika kwa sababu ya ndoo hiyo, kwa kuwa fedha iliyonunua mbolea inapotelea humo.

Chokaa nyeupe laini inayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi ni haidroksidi ya kalsiamu, Ca(OH)2. Si sawa na chokaa ya kilimo iliyotokana na mawe yaliyosagwa tu, ambayo ni kabonati ya kalsiamu. Ile ya dukani imetokana na mawe yaliyochomwa kwenye tanuri kwa joto la nyuzi 900 hivi, kisha yakazimwa kwa maji. Huyeyuka kidogo sana, takriban gramu 1.7 kwa lita moja ya maji, lakini kiasi hicho kidogo kinatosha kuyafikisha maji hayo kwenye pH ya 12.4 (pH ni kipimo cha tindikali: 7 ni katikati, chini yake ni tindikali na juu yake ni kinyume chake).

Naitrojeni iliyomo katika mbolea ya DAP (fosfeti ya diamoniamu) na salfeti ya amonia, pamoja na nusu ya ile iliyomo katika CAN (naitreti ya amonia yenye kalsiamu), iko katika hali ya amoniamu. Amoniamu ikikutana na haidroksidi penye unyevu hugeuka kuwa amonia, ambayo ni gesi, na gesi hiyo huruka. Penye pH ya 9.3 nusu ya amoniamu huwa imekwisha kugeuka, na penye 12.4 karibu yote. Kwa hesabu ya kikemia, kilo 28 za chokaa iliyozimwa zinatosha kuifukuza naitrojeni yote ya mfuko mmoja wa kilo 50 wa salfeti ya amonia. Ile harufu kali inayowasha macho na kubana pua unapoinamia ndoo ndiyo mbolea yenyewe ikiondoka, na haifai kabisa kuichukulia kuwa dalili kwamba dawa ina nguvu. Kwa DAP hasara ni mbili, kwa sababu fosforasi nayo hushikana na kalsiamu ikawa ngumu kuyeyuka, na mche mchanga usiipate pale unapoihitaji zaidi.

Wapo wanaouliza mbona CAN yenyewe imetengenezwa pamoja na chokaa. Swali ni la haki. Chokaa iliyomo ndani ya punje za CAN ni kabonati, ambayo hata ikikolea majini haipandishi pH zaidi ya 8.3 hivi, kwa hiyo nguvu zake haziwezi kulinganishwa na za haidroksidi. Urea nayo huwapotosha wengi kwa kuwa haitoi harufu ndani ya ndoo. Inapofika ardhini, vimeng'enya vya udongo huivunja na kuifanya amoniamu, na ikikuta chokaa iliyozimwa ambayo bado haijafanya kazi imeizunguka, amonia hupotea siku chache baadaye bila mwenye shamba kuona chochote. Samadi na mbolea ya kuku zina tabia hiyohiyo.

Sasa vipimo, na hapa naomba umakini. Ikiwa majibu ya kupima udongo yanataka tani 2 za kabonati kwa hekta, chokaa iliyozimwa iliyo safi inatosha tani 1.5, kwa sababu kilo 74 za haidroksidi zinafanya kazi ya kilo 100 za kabonati. Katika kipande cha mita 10 kwa 10 hiyo ni kilo 15, si 20. Pima kwa mizani. Ndoo haikubaliki, kwa kuwa haidroksidi ni nyepesi na ndoo yake haina uzito wa ndoo ya mawe yaliyosagwa. Anayekisia kwa macho atazidisha upande mmoja wa shamba na kuupunja mwingine. Shamba la chai lisiguswe, kwani chai inahitaji tindikali hiyo.

Mwaga chokaa sawasawa shamba zima, uichanganye na udongo siku hiyohiyo hadi kina cha sentimita 15, kisha subiri wiki 3 udongo ukiwa na unyevu kabla ya kutia mbolea yoyote. Siku za ukavu hazihesabiwi, kwa sababu pasipo maji chokaa haifanyi kazi. Ukichelewa, panda kwa mbolea peke yake na uiache chokaa hadi baada ya mavuno. Kupanda bila chokaa msimu mmoja ni hasara ndogo kuliko kuipoteza mbolea yote. Kazi ikifanyika vizuri, kipimo kinachofuata kitaonyesha pH ya 5.5 au zaidi, na mizizi itashuka chini.

Vaa glavu na miwani, kwa kuwa chokaa hii huunguza jicho. Ikiingia, osha mara moja kwa maji mengi safi na uende kituo cha afya. Gunia lililofunguliwa lifungwe vizuri, maana haidroksidi hunyonya hewa ukaa (kaboni dioksidi) na kurudi kuwa kabonati. Iliyokaa wazi msimu mzima na kushikana mabonge, isage na uipime kwa kilo 20 kwa kipande kilekile.