Kwenda Shimoni na kurudi siku hiyohiyo

Kabla ya kuhesabu nauli, hesabu mwezi. Pango la Shimoni, kusini mwa Pwani ya Kenya karibu na mpaka wa Tanzania, liko ukingoni mwa bahari, na maji yakijaa hupenya hadi ndani. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hukupwa mnamo saa nne au saa tano asubuhi, kisha hujaa alasiri. Hizo ndizo siku za kwenda. Kila siku inayofuata kupwa huchelewa kwa dakika kama 50, na baada ya wiki moja utakuta asubuhi ndiyo maji yamejaa.

Ukitoka Mombasa, vuka kwa feri ya Likoni alfajiri (waendao kwa miguu hawalipi), kisha panda matatu ya Lunga Lunga. Mwambie makanga akushushe njia panda ya Shimoni, ukishapita Ramisi. Kutoka hapo ni bodaboda, kilomita kama 15. Patana bei kabla hujapanda. Anayetoka Tanga apitie Horohoro, akiwa na pasipoti au hati ya muda ya kusafiria pamoja na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Kitambulisho cha taifa peke yake kisitegemewe. Foleni mpakani ndiyo hula asubuhi ya wengi, kwa hiyo ondoka mapema.

Anza na pango. Wengi hukimbilia mashua kwanza, wakirudi wamechoka na maji yamepanda, wakalipitia pango mbiombio. Inasimuliwa kwamba hapa walifungiwa watumwa waliokuwa wakingoja kupakiwa majahazini, na mahali hapa pastahili muda wako. Vaa viatu vya soli yenye meno, kwani jiwe la matumbawe lenye unyevu huteleza, na ukishika ukuta kujizuia unakuchana kiganja. Beba tochi, mwanga wa simu haufiki darini. Usimulike popo wala kupiga picha kwa flashi: wakishtuka huruka wote kwa pamoja, na watu huteleza wakiwakwepa.

Chukua mwongozaji wa kijijini. Mwombe akuonyeshe vyuma vilivyopigiliwa ukutani. Vimeliwa na kutu, hivyo ukipita peke yako utadhani ni sehemu ya jiwe. Muulize pia juu ya Wadigo waliojificha humu wakati wa mashambulizi. Ukikuta kitambaa au sadaka, usiguse.

Kisha pitia makumbusho ya utumwa yaliyo hapohapo Shimoni. Soma hasa kuhusu mkataba wa 1873, ambao kwao Sultani Barghash wa Zanzibar alipiga marufuku kusafirisha watumwa kwa bahari. Biashara haikukoma mara moja. Misafara ilihamia nchi kavu, ikifuata pwani hii kuelekea kaskazini.

Muda ukibaki, vuka mkondo hadi kisiwa cha Wasini ukale samaki na wali wa nazi, uone bustani ya matumbawe. Vaa jaketi la kuokolea hata kama nahodha hajakwambia. Kuanzia Juni hadi Agosti kusi huchafua mkondo. Hifadhi ya bahari ya Kisite iache kwa safari nyingine: ina kiingilio chake na hula siku nzima.

Ijumaa, mnamo saa sita hadi saa nane mchana, watu wako msikitini na mashua nyingi hazivuki. Siku yoyote, jistiri mabega na magoti kijijini, na uwe njia panda kabla ya saa kumi na moja jioni. Baada ya hapo matatu hupungua.