Kuchagua na Kutunza Mashine Ndogo ya Kukatakata Matawi

Mkulima wa kahawa wa Masaka au Mukono, nchini Uganda, anapopogoa shamba lake, au anapokata mibuni mizee ili ichipue upya, hubakiwa na malundo ya matawi ambayo mengi huishia kuchomwa moto. Mashine ndogo ya kukatakata matawi huyageuza malundo hayo kuwa matandazo yanayohifadhi unyevu na kuzuia magugu. Hata hivyo, kabla ya kuulizia bei, mnunuzi ajiulize maswali mawili: mashine hii inalingana na miti niliyo nayo, na visu vyake nitavipata wapi vitakapokwisha?

Hakikisha kwanza kwamba unachouziwa ni mashine ya matawi kweli. Maduka mengi huuza mashine za kukatia majani ya ng'ombe, ambazo hukata mabingobingo na mabua ya mahindi vizuri sana, lakini visu vyake vyembamba na beringi zake nyepesi havikuundwa kuhimili mti. Mashine ya matawi huwa na sahani au ngoma nzito ya chuma iliyofungwa visu vinene, na hiyo ndiyo ninayoipendekeza kwa matawi ya mibuni, migrevilea na mikaratusi. Zile zinazoponda kwa vinyundo hufaa zaidi kwa majani na vijiti vikavu.

Injini ya petroli isiyo na turbo (kifaa cha kuisukumia hewa zaidi) hupoteza takriban asilimia 3.5 ya nguvu kwa kila mita 300 za mwinuko, kwa hiyo injini ya nguvu za farasi 6.5 hutoa kama 5.6 tu Kampala, iliyo kwenye mwinuko wa mita 1,200 hivi, na hupungukiwa zaidi katika milima ya Kabale. Tangazo likidai kwamba mashine hukata tawi la sentimita 10, ni busara kupanga kazi yako kwa matawi yenye nusu ya unene huo. Matawi yakatwe yangali mabichi, hasa ya mkaratusi, kwa kuwa ukikauka huwa mgumu na hula makali ya visu upesi.

Kuhusu spea, mafundi wa Katwe, Kampala, wanaweza kukuchongea kisu kipya, lakini chuma laini cha kawaida hupoteza makali haraka, nacho chuma kigumu kisichopashwa moto na kupozwa ipasavyo chaweza kupasuka kikiwa katika kasi. Kwa sababu hiyo, nunua seti ya pili ya visu siku ileile unayonunua mashine.

Visu ndivyo vinavyohitaji uangalizi mkubwa kuliko sehemu nyingine yoyote. Vibanzi vikianza kutoka vimechanika kama nyuzi, matawi yakaruka-ruka kwenye mdomo wa mashine badala ya kuvutwa ndani, au vumbi likazidi, makali yamekwisha. Zima injini, ngoja sahani isimame kabisa, kwa maana huendelea kuzunguka baada ya injini kunyamaza, kisha chomoa waya wa plagi kabla ya kugusa chochote ndani. Noa kwa kufuata pembe ya awali, bila kukiacha chuma kiwe cha buluu kwa joto la jiwe la kunolea, na uondoe kiasi sawa kwenye visu vyote, la sivyo sahani itayumba na kuharibu beringi. Unapovirudisha, pima nafasi iliyopo kati ya kisu na bamba tuli linalokipokea tawi. Fuata kipimo cha kitabu cha mashine, ambacho mara nyingi huwa kama milimita 1 au 2. Nafasi ikizidi, hata kisu kikali hutafuna badala ya kukata. Kaza bolti zote, uzungushe sahani kwa mkono, ndipo uwashe.

Injini yenyewe haina madai mengi. Badilisha oili baada ya saa 20 za kwanza, kisha kila baada ya saa 100. Wakati wa kiangazi safisha chujio la hewa mara kwa mara, kwa sababu vumbi jekundu huliziba mapema. Angalia mkanda, tia grisi kwenye beringi zinazohitaji, na usiiache petroli ndani ya kabureta mashine inapokaa miezi bila kazi.

Vaa miwani na vizibo vya masikio, epuka nguo zinazoning'inia, na usiingize mkono kwenye mdomo wa mashine hata tawi likikwama. Lisukume kwa tawi jingine.

Jambo la mwisho linahusu afya ya shamba lote. Mbuni ulionyauka kwa ugonjwa wa mnyauko, ule ulioripotiwa Bundibugyo mwaka 1993 na kuangamiza kahawa nyingi ya aina ya robusta, usipitishwe katika mashine hata kidogo, kwani vibanzi vyake vitaeneza kuvu. Ung'olewe na kuchomwa palepale uliposimama, pamoja na vijiti vyote vilivyotobolewa na mdudu mweusi wa matawi. Vibanzi vya miti mizima vitandazwe juu ya udongo bila kufukiwa, vikiwa mbali kidogo na shina.