Kuimba bila Kinanda: Namna ya Kuanzisha na Kuendesha Kikundi cha Akapela

Neno akapela limetoka katika Kiitaliano, nalo maana yake ni kuimba kwa namna ya kanisani. Kwetu Afrika Mashariki pia uimbaji huo umelelewa zaidi na makanisa, hususan miongoni mwa Waadventista Wasabato na Kanisa la Kristo. Wengi wanaoanza hudhani kwamba akapela ni kwaya ya kawaida iliyokosa kinanda. Ukweli ni kwamba kinanda kinapoondolewa, kazi zake za kushika ki (kimo cha sauti ambacho wimbo umeanzia), kushika mwendo na kujaza nafasi kati ya maneno hubaki palepale, na lazima wapatikane waimbaji wa kuzibeba.

Anza na watu wachache. Wanne wanatosha kwa sauti nne, kutoka soprano ya juu hadi besi ya chini kabisa, lakini mmoja wao akisafiri au akiugua hakuna wimbo utakaoimbika; kwa sababu hiyo napendelea wanane, wawili kwa kila sauti, ili wapokezane pumzi na mmoja asipokuwepo mwenzake ashike nafasi. Wawili hao wachaguliwe kwa uangalifu, kwa kuwa watu wawili wa sauti moja wakitofautiana hata kidogo, tofauti hiyo husikika mara moja. Katika usaili, usimsikilize mtu akiimba peke yake tu. Mfundishe mstari mmoja wa sauti ya pili au ya tatu, kisha msimamishe karibu na anayeimba sauti ya kwanza, uone kama atabaki kwenye mstari wake au atavutwa. Mwenye sauti ya wastani anayebaki mahali pake atakifaa kikundi kuliko mwenye sauti kubwa asiyemsikia jirani yake.

Watafuteni besi kabla ya wengine wote. Katika isicathamiya, uimbaji wa Wazulu uliojulikana duniani kupitia kikundi cha Ladysmith Black Mambazo cha Afrika Kusini, besi huwa wengi kuliko sauti nyingine zote, na ndiyo maana nyimbo zao husikika nzito na zilizokamilika. Kikundi chenye soprano watano na besi mmoja aliyechoka kitasikika chembamba hata kiimbe kwa ustadi gani.

Adui mkubwa wa akapela ni kushuka kwa ki. Wimbo unaanza kwa G, na unapofika ubeti wa tatu umekwishafika F iliyo chini yake bila yeyote kutambua, kwa sababu wote wameshuka pamoja. Chanzo chake si kimoja. Noti inayorudiwarudiwa huchoka na kulegea. Hatua za kushuka huimbwa pana kupita kiasi, na za kupanda huimbwa fupi. Pumzi huisha kabla ya mwisho wa sentensi. Na noti za mi na ti, yaani ya tatu na ya saba katika ngazi ya do, re, mi, huimbwa chini kidogo ya mahali pake. Dawa yake ni mazoezi ya subira. Imbeni ngazi polepole kwenda juu na chini kwa irabu moja, kisha mwalimu apime noti ya mwisho kwa programu ya simu. Imbeni wimbo mzima kwa sauti ndogo, kila mmoja akihakikisha kwamba anamsikia besi. Simameni kwa mduara, mkitazamana, na baadaye badilishaneni nafasi ili kila mtu awe jirani na sauti isiyo yake.

Kinanda kitumike kutoa noti ya kuanzia tu, na si kuongoza zoezi zima. Mbali na kuwazoesha waimbaji kuegemea, kinanda hakilingani kabisa na ulinganifu wa asili wa sauti: mi ya mchanganyiko wa do, mi na so, inapotulia kwa masikio pekee, huwa chini ya ile ya kinanda kwa takriban sehemu 14 kati ya 100 za nusu toni, yaani za umbali kati ya vibonye viwili vya kinanda vinavyofuatana. Waliozoea kuimba bila kinanda huitambua mi hiyo, kwa sababu sauti zote huungana na kuwa kama moja.

Mazoezi mawili kwa wiki, ya saa moja na nusu kila moja, yanatosha. Andikeni nyimbo kwa solfa (mtindo wa kuandika noti kwa herufi za do, re, mi), ambayo John Curwen wa Uingereza aliieneza katika karne ya 19 na ambayo wanakwaya wengi wa kwetu tayari wanaisoma. Kila sauti irekodiwe kwa simu na kutumwa kwenye kundi la WhatsApp, ili muda wa kukutana utumike kuunganisha sauti badala ya kukariri.

Katika uongozi, mwalimu asiwe mwenyekiti wala mhazina. Kikundi kimoja nilichokiimbia kilivunjika tukiwa na nyimbo nzuri na sauti nzuri, kwa sababu bahasha ya harusi moja haikuelezwa mbele ya wote. Tangu hapo naamini kwamba fedha zihesabiwe siku ileile, ziandikwe daftarini, na kiasi kinachobaki katika mfuko wa kikundi kiamuliwe mapema na kuandikwa kwenye katiba fupi, pamoja na kanuni za mahudhurio. Asiyehudhuria mazoezi ya wiki nzima asipande jukwaani wiki hiyo, hata akiwa ndiye mwenye sauti bora.

Kwa walio Tanzania, kikundi kinachotaka kufanya kazi ya kulipwa kisajiliwe Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, na nyimbo zake ziandikishwe COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Wimbo wa mtu mwingine unahitaji idhini yake hata kama mmeupanga upya, kwani hakimiliki hudumu uhai wote wa mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake.

Siku ya onyesho, fikeni mapema mjaribu ukumbi. Kama maikrofoni ni chache, simameni nusu duara, besi wakiwa karibu zaidi na maikrofoni, na mwombeni fundi awageuzie spika moja ili msikiane. Mwalimu atoe ki kwa mguno mdogo, kila sauti iichukue noti yake kimyakimya, na wimbo usianze mpaka besi ameitikia kwa kichwa.