Jinsi ya kuchagua kozi ya ufundi umeme wa majumbani

Usianze na chuo. Anza na mamlaka inayotoa leseni za mafundi umeme mahali unapotaka kufanya kazi, kwa sababu kila nchi ina utaratibu wake. Waulize wanatambua vyeti gani, wanadai muda gani wa kazi chini ya fundi mwenye leseni, na daraja lipi linakuruhusu kusaini kazi ya nyumba kwa jina lako. Yaandike majibu. Nimewapokea vijana waliosoma kwa bidii, wana cheti chenye muhuri, kumbe hakihesabiki popote. Inauma.

Hatua ya pili, linganisha mtaala na majibu hayo. Kozi ya wiki chache humfaa fundi mzoefu anayetaka kujifunza kanuni mpya. Kama hujawahi kushika koleo, hiyo siyo yako, hata tangazo liseme nini.

Hatua ya tatu ndiyo nzito: nenda karakana kwa miguu yako, siku ya masomo. Hesabu wanafunzi wangapi wanagawana meza moja. Tazama kama wanafunga waya kwenye ubao mpya tu, au kuna ukuta wenye waya za zamani na hitilafu zilizotegwa makusudi ili wazitafute. Kisha omba kuona wanavyothibitisha kwamba saketi haina umeme. Mwanafunzi aliyefundishwa vizuri atazima, atafunga swichi kwa kufuli, atajaribu kipimo chake kwenye chanzo chenye umeme, atapima saketi, halafu atarudi kukijaribu kipimo tena. Akiruka hilo la mwisho, hawezi kujua kama kipimo kilikufa katikati ya kazi.

Uliza pia kuhusu vipimo vya ukaguzi. Kwenye saketi za nyumba za volti 230, insulesheni, yaani ganda linalozuia umeme kutoka nje ya waya, hupimwa kwa volti 500 za mkondo mnyoofu (DC), na kiwango cha chini kinachokubalika kwa kawaida ni megaomu 1. Waya mpya zilizo salama husoma juu zaidi ya hapo. Swichi ya RCD, ile inayokata umeme unapovuja, kwa soketi za nyumbani huwa ya miliampia 30, na muda inaotumia kukata lazima upimwe kwa kifaa chake. Kubonyeza kitufe cha majaribio hakutoshi. Chuo kisicho na vifaa hivi kinakufundisha kuwasha taa, basi.

Nasema hivi kwa sababu mimi nilifundishwa hivyo. Katika nyumba ya kwanza niliyofanya kazi peke yangu, niliweka swichi kwenye waya wa nyutro, ule wa kurudisha umeme, badala ya waya unaouleta. Taa iliwaka na kuzimika vizuri kabisa, huku kishikio cha balbu kikiwa na umeme saa zote. Fundi mkuu aliligundua kwa kipimo cha dakika moja ambacho sikuwahi kuonyeshwa.

Hatua ya nne, hakikisha chuo kinakutafutia mafunzo kazini, na kila kazi unayofanya isainiwe na msimamizi kwenye daftari lako. Kuhusu ada, uliza tu kama mtihani, kuurudia na vifaa vimo ndani.

Kabla ya kulipa, omba kuzungumza na wahitimu wawili. Waulize kama walipomaliza waliweza kupima nyumba nzima na kujaza fomu ya ukaguzi bila kusaidiwa. Wakisita, endelea kutafuta.