Jinsi mwalimu mkuu anavyoweza kuwarudisha watoto walioacha shule

Mwaka 2023 UNESCO ilikadiria kuwa watoto na vijana milioni 250 duniani hawako shuleni. Wengi wao waliwahi kuandikwa kwenye rejesta ya shule fulani, na huko ndiko pa kuanzia. Majuzi nimemsaidia mwalimu mkuu mwenzangu kufanya hivi.

Hatua ya 1. Toa rejesta za mwaka jana na mwaka huu. Zipitie kwa daftari na kalamu, wala usianze na kompyuta: jedwali haliwezi kukuonyesha jina lililofutwafutwa.

Hatua ya 2. Orodhesha kila jina lililokuwepo mwaka jana na sasa halipo, na uandike mtoto alikokwenda. Hapa usiwe na haraka. Utakutana na neno "amehama" mara nyingi, nami kwa miaka nililipokea bila kuuliza. Siku moja nikakutana njiani na msichana ambaye rejesta yangu ilisema amehama. Alikuwa na mdogo wake mgongoni na ndoo ya maji mkononi. "Shikamoo mwalimu," akasema, akapita.

Tangu hapo, kwangu "amehama" si jibu mpaka shule iliyompokea ithibitishe. Piga simu mwenyewe. Taja majina yote matatu, maana huenda kule ameandikishwa kwa jina la babu. Usiulize tu kama ameandikishwa. Uliza kama wiki hii yumo darasani, kwani kuandikishwa na kuhudhuria ni vitu viwili. Zikipita wiki mbili bila shule yoyote kumtambua, mhesabu kuwa yuko nje ya shule. Wala usilikate jina lake, maana likishakatwa hakuna atakayemtafuta.

Hatua ya 3. Nenda nyumbani kwao, ukifuatana na mwalimu aliyezoeana na mtoto. Barua za vitisho sizikubali kabisa. Mzazi akiogopa atamficha mtoto. Uliza, "Nini kinamzuia?" kisha nyamaza usikilize. Kazi, maradhi, ujauzito na ulemavu vinahitaji msaada wa wengine. Lakini ukiambiwa ni sare, mchango au viboko, hayo yako mikononi mwako. Yamalize siku hiyohiyo.

Hatua ya 4. Andaa mapokezi: dawati, madaftari, na mwanafunzi mmoja wa kuwa naye wakati wa mapumziko. Mtoto wa miaka 13 usimkalishe na wa miaka 8, hata kama aliachia darasa la pili. Ataona aibu, na kabla ya wiki kwisha atakuwa ameondoka tena. Mweke karibu na rika lake, umpe masomo ya kufidia kila siku. Mwalimu wa darasa asimuulize mbele ya wenzake alikuwa wapi.

Hatua ya 5. Asipoonekana siku tatu mfululizo, mtu aende kwao siku ya tatu hiyohiyo, kabla ya giza.