Kabla hujaweka kazi za msimu wa korosho kwenye wingu

Minada ikifunguliwa Oktoba, AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika wa wakulima, inakuwa na kazi zinazojirudia kila siku: kuwatumia wakulima bei kwa SMS, kufunga hesabu za ghala jioni, kuandaa orodha ya malipo ya benki. Ukiziweka kwenye wingu, yaani kompyuta za kukodi mtandaoni, zitajiendesha hata umeme ukikatika Tandahimba. Ila ziandae sasa, maana magunia yakishaanza kuingia ghalani hutapata nafasi.

Programu iwe moja. Wengi hunakili skripti (programu fupi) ileile, moja ya Newala, nyingine ya Masasi, nyingine ya Nanyumbu, halafu wakirekebisha moja wanasahau zilizobaki. Andika programu moja inayopokea vigezo, yaani wilaya na tarehe ya mnada, kisha kila wilaya uipe ratiba yake. Google Cloud Scheduler na Amazon EventBridge Scheduler, huduma za wingu za kuita kazi kwa ratiba, zinaruhusu kila ratiba ibebe vigezo vyake. Kigezo kikikosekana, programu isimame na kusema kimekosekana nini. Isikisie wilaya.

Kwenye saa ndipo wengi wanapokwama. Ratiba nyingi za wingu hufuata UTC, saa ya kimataifa, usipoziambia vingine, nasi tuko mbele kwa saa 3. Unataka ujumbe utoke saa 3 asubuhi, unaandika 0 3 * * * (dakika 0, saa 3, kila siku), na simu za wakulima zinalia saa 12. Saa 3 yetu ni 9:00, ambayo kwa UTC ni 6:00. Penye nafasi ya kutaja eneo, andika Africa/Dar_es_Salaam, kisha kwenye saa weka 9.

La kuogopa zaidi ni kazi kuitwa mara mbili. Zile huduma mbili za ratiba, ya Google na ya Amazon, huahidi kuita angalau mara moja. Hazikuahidi kwamba haitarudiwa. SMS ikirudiwa ni gharama na kero, lakini malipo yakirudiwa, nani ataenda kijijini kumdai mkulima? Kila malipo yawe na alama yake: namba ya mkulima, ghala na mnada. Hifadhidata ikatae alama hiyo kuingia mara ya pili, na ikatae kabla fedha haijatoka.

Nywila usizipitishe kwenye vigezo, huishia kwenye logi, yaani kumbukumbu za programu. Ukitumia AWS Lambda, huduma ya Amazon ya kuendesha programu, kazi hukatwa ikifika dakika 15, basi igawe, kila AMCOS iendeshwe peke yake. Jaribu kwanza kwa namba yako mwenyewe ya simu.

Mwisho, chagua mtu wa kupigiwa simu kazi ikifeli. Apigiwe pia ikifika saa 4 asubuhi na taarifa ya kukamilika haijaonekana, kwa sababu kazi ambayo haikuanza kabisa haitoi kosa lolote.