Somo: Kupata nyoka mfalme weusi kwa kuchagua mbegu

Somo hili ni kwa wanachama ambao tayari wanafuga nyoka mfalme na wanajua kumlisha, kumpa joto na kumshika bila kumtia hofu. Ninayemzungumzia ni nyoka wa jenasi ya Lampropeltis kutoka Amerika Kaskazini, asiye na sumu. Tunachotafuta ni ukoo unaozidi kuwa mweusi kizazi baada ya kizazi bila afya ya nyoka kuporomoka. Na jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni hili: weusi wa nyoka mfalme hauhukumiwi siku anapotoka kwenye yai. Wafugaji wengi huuza watoto wao bora kabla rangi haijakomaa, kisha wakabaki na wale wa kawaida na kudhani ukoo wao hauna kitu.

HATUA YA 1: Amua ni weusi upi unaoutaka

Lampropeltis nigrita wa Sonora, kaskazini-magharibi mwa Meksiko, ni mweusi kwa asili. Kwake kazi ya mfugaji ni ndogo lakini inahitaji macho: kuondoa vidoa vyeupe vinavyosalia kidevuni, tumboni na ubavuni. Lampropeltis nigra wa mashariki mwa Marekani naye ni mweusi, ila ana vitone vya njano au vyeupe mgongoni ambavyo hufifia kadiri anavyokua.

Lampropeltis californiae, yaani nyoka mfalme wa Kalifonia, ndiye mwenye kazi kubwa zaidi, na kwangu ndiye anayevutia zaidi. Rangi yake ya msingi huanzia kahawia hadi nyeusi tii, na pete zake huanzia njano hadi nyeupe. Wa jangwani kwa kawaida ni weusi wenye pete nyeupe. Wa pwani wana ukahawia na umanjano zaidi. Wapo pia wenye mstari mmoja mrefu mgongoni badala ya pete. Zamani wenye mstari na wenye pete walihesabiwa kuwa spishi mbili, mpaka Laurence Klauber, mtaalamu wa nyoka wa San Diego, alipoonyesha, miaka ya 1930, kwamba wote wawili huanguliwa katika mkupuo mmoja wa mayai. Kwa hiyo usichanganye michoro na rangi ya msingi. Nyoka mwenye pete nyembamba huonekana mweusi kwa mbali kwa sababu eneo jeusi ni kubwa, wakati weusi wenyewe huenda ni kahawia tu. Hayo ni malengo mawili, na kila moja lina njia yake.

Kuna mtego mwingine pia. Nyoka aliyekosa rangi ya njano kwa jeni yake huonekana mweusi na mweupe safi kabisa. Huyo hakuongezewa melanini, yaani rangi nyeusi ya ngozi, hata chembe. Ameondolewa njano tu.

HATUA YA 2: Jua kama unashughulika na jeni moja au nyingi

Hapa ndipo hesabu zinapotofautiana. Sifa ya jeni moja inayojificha hufuata kanuni inayojulikana: ukiwakutanisha wabebaji wawili, yaani nyoka walio na jeni hiyo bila sifa kuonekana, kila yai lina nafasi 1 kati ya 4 ya kutoa mtoto mwenye sifa. Nafasi si ahadi. Mkupuo wa mayai 8 una nafasi kama 1 kati ya 10 ya kukosa hata mmoja. Na wale ndugu wanaoonekana wa kawaida, kila mmoja ana nafasi 2 kati ya 3 ya kuwa mbebaji.

Weusi wa msingi kwa kawaida hauendi hivyo. Huo hujengwa na jeni nyingi, kila moja ikichangia kidogo, na watoto hutawanyika kuzunguka wastani wa wazazi wao: wachache weusi zaidi ya wazazi, wachache weupe zaidi, wengi katikati. Sifa ya namna hii haina mbebaji. Ukiona tangazo la nyoka wa kahawia anayeitwa "mbebaji wa weusi", muulize muuzaji amethibitishaje, kwa uzao upi, na akuonyeshe picha.

Kipimo ni kumkutanisha mweusi wako na wa kawaida asiye ndugu yake, halafu kutazama vizazi viwili. Watoto wote wakiwa wa kawaida, na wajukuu wakagawanyika wazi katika makundi mawili, umepata jeni moja inayojificha. Karibu nusu ya watoto wakiwa weusi moja kwa moja, yaelekea jeni hiyo ni tawala, yaani kuirithi kwa mzazi mmoja kunatosha sifa ionekane. Watoto wakiwa wa rangi ya kati, na wajukuu wakapangika kama ngazi kutoka kahawia hadi nyeusi bila pengo, hizo ni jeni nyingi, na kazi yako itakuwa kuchagua kwa subira.

HATUA YA 3: Chagua wazazi

Afya kwanza, rangi baadaye. Jike awe na miaka 3 hivi na uzito usiopungua gramu 300, uti wa mgongo ulionyooka, na historia ya kula bila kubembelezwa. Dume anaweza kuanza akiwa na miaka 2.

Katika sifa ya jeni nyingi, usimtazame mzazi peke yake. Waulizie ndugu zake. Nyoka mweusi aliyetoka kwenye mkupuo ambao wote ni weusi ana thamani kuliko mweusi zaidi aliyetokea peke yake kati ya ndugu wa kahawia. Na anza na familia mbili zisizo na undugu, hata kama ya pili ina weusi hafifu kidogo. Utaelewa sababu kwenye hatua ya 8.

HATUA YA 4: Mapumziko ya baridi

Acha kulisha wiki 2 kabla, huku joto likibaki la kawaida, ili tumbo litoke tupu. Chakula kilichobaki tumboni kwenye baridi huoza na kumwua nyoka. Kisha shusha joto taratibu hadi nyuzi 10 hadi 13 za Selsiasi, mahali penye giza na utulivu, kwa wiki 8 hadi 12. Maji safi yawepo wakati wote. Mpime uzito mara kwa mara. Anayekonda waziwazi au anayetoa mapovu mdomoni atolewe mapema, na mwaka huo asizalishwe. Mkimaliza, pandisha joto taratibu na uanze na mlo mdogo.

HATUA YA 5: Kuwakutanisha

Nyoka mfalme hula nyoka wenzake, hata wenye sumu. Kwa hiyo walishe wote wawili siku chache kabla, subiri jike ajivue gamba lake la kwanza baada ya baridi, kisha mwingize dume kwenye kizimba cha jike. Kaa hapo hapo. Usiondoke hata kama wametulia, na wasilale pamoja usiku. Rudia kila baada ya siku chache mpaka uwe umeshuhudia wakiungana zaidi ya mara moja, kisha andika tarehe.

HATUA YA 6: Mayai

Jike hujivua gamba tena kabla ya kutaga, na mayai hufuata kwa kawaida ndani ya wiki 1 hadi 2. Mwekee kisanduku chenye kuvu-mwani (moss) au nyenzo nyingine yenye unyevunyevu. Mayai mara nyingi huwa kati ya 4 na 12. Yatie alama juu kwa penseli na usiyageuze. Vemikulaiti (madini mepesi yanayoshika unyevu) iliyochanganywa na maji ya uzito sawa inatosha kuyalaza. Mashine ya kutotolea iwe na themostati (kifaa cha kudhibiti joto), nyuzi 27 hadi 29, na watoto watatoka baada ya siku 55 hadi 70 hivi. Kila mtoto apate chombo chake siku hiyo hiyo, la sivyo watalana.

HATUA YA 7: Kuwachuja watoto

Hii ndiyo hatua inayojenga au kuvunja ukoo, na ndiyo inayofanywa kwa pupa.

Mtoto anapotoka kwenye yai huwa bado na ngozi ya kwanza, ambayo huivua baada ya wiki 1 hadi 2. Kabla ya hapo usiandike chochote kuhusu rangi. Baada ya gamba la kwanza piga picha ya kwanza, kisha nyingine akiwa na miezi 6, miezi 12, 18 na 24. Kila picha iwe siku chache baada ya kujivua gamba, maana nyoka anayekaribia kujivua hufifia na kuwa kama ana ukungu. Iwe kwenye mwanga wa mchana wa kivulini, juu ya karatasi nyeupe ile ile, bila kichujio cha simu. Karatasi nyeupe ndiyo itakayokuambia kama kamera imedanganya. Piga mgongo, ubavu, tumbo na kidevu. Tumbo lina habari nyingi: kati ya ndugu wawili wenye migongo inayolingana, mimi humchagua yule ambaye weusi umeshuka mpaka tumboni.

Baki na watoto wengi kadiri unavyoweza kuwatunza vizuri, angalau mpaka mwaka wa kwanza. Weusi hauji kwa mwendo mmoja. Kuna mtoto anayezaliwa mweusi na kubaki pale pale, na kuna anayezaliwa na ukahawia kisha akakolea kila gamba, akampita ndugu yake kabla ya mwaka wa pili. Huyo wa pili ndiye anayepotea kwa kuuzwa akiwa na wiki chache. Kinyume chake pia kipo: Lampropeltis floridana huzaliwa na michoro mikali nyeusi, na kadiri anavyokua magamba yake hujaa njano.

Wape watoto namba, si majina ya sifa. Ukishamwita mmoja "Lami", jicho lako halitamwona tena kwa haki.

HATUA YA 8: Kizazi kinachofuata

Utashawishika kuwakutanisha kaka na dada weusi kuliko wote. Kwa jeni moja inayojificha, mara moja inaweza kueleweka. Kwa weusi wa jeni nyingi, kuifanya desturi ni kujichimbia shimo: watoto wa ndugu wa tumbo na baba mmoja wana undugu-damu (nafasi ya kurithi nakala mbili za jeni ile ile ya babu au bibi mmoja) wa asilimia 25, na wa ndugu wa mzazi mmoja asilimia 12.5, hata kabla hujarudia. Dalili huanza kimyakimya: mayai yasiyorutubishwa yanaongezeka, watoto wanakataa kula, uti unapinda. Ndiyo maana ulianza na familia mbili. Endesha kila moja kwa vizazi kadhaa, ukichagua weusi, kisha uzikutanishe. Kizazi kimoja ni kama miaka 3, kwa hiyo panga kwa miaka, si kwa misimu.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mwalimu, nilinunua mtoto wa nyoka wa Sonora nikaambiwa ni mweusi mtupu. Ana vidoa vyeupe kidevuni na pembeni. Nimetapeliwa?

Jibu: Si lazima, ndugu yangu. Watoto wengi wa Sonora huzaliwa na vidoa hivyo, na vya ubavuni mara nyingi hufunikwa na weusi wanapokua. Vya kidevuni ni vibishi zaidi. Wasiwasi ni pale unapoona pete kamili zilizofifia mwilini. Hapo omba picha za wazazi, kwa sababu huenda kuna damu ya Kalifonia.

Swali: Hilo la damu ya Kalifonia linanigusa. Kwa nini nisimkutanishe Sonora na Kalifonia nipate weusi kwa haraka?

Jibu: Watazaa, na watoto watazaa pia. Lakini utakuwa umeazima weusi wa spishi nyingine, na mjukuu anaweza kufanana na Sonora halisi kiasi kwamba mnunuzi hataona tofauti. Baada ya mikono mitatu hakuna atakayejua. Binafsi siwachanganyi. Ukiamua kufanya, andika "chotara" kwenye kila kadi ya kila mtoto, na mpe mnunuzi maandishi hayo.

Swali: Dada mwalimu, chakula au joto la chini vinaweza kuongeza weusi?

Jibu: Chakula hakitabadilisha jeni. Joto la mayai likienda nje ya kiwango linaweza kuvuruga michoro, ila mtoto huyo hatairithisha. Ukipata mtoto wa ajabu kutoka kwenye mayai yaliyopata joto kupita kiasi, usijenge ukoo juu yake mpaka uzao wake uthibitishe.

Swali: Dume wangu alimng'ata jike shingoni nikawatenganisha haraka. Nilikosea?

Jibu: Hapana, bora tahadhari. Kumshika shingo kwa mdomo ni kawaida ya dume anapopanda. Mwili wake hulala juu ya jike na mkia hutafuta mkia. Akianza kumzungushia mizingo na kumbana, au akishika kichwa badala ya shingo, huko ni kuwinda. Uwe na maji na koleo ndefu karibu.

Swali: Watoto wa kahawia nitawapeleka wapi? Jirani aliniambia niwaachie porini, watajitegemea.

Jibu: Usifanye hivyo kamwe. Kisiwani Gran Canaria, Hispania, nyoka wa Kalifonia waliotoka kwenye ufugaji walianza kuonekana porini mwaka 1998, na tangu hapo wamewamaliza mijusi wa asili katika maeneo mengi waliyoenea. Mwaka 2022 Umoja wa Ulaya ulimweka Lampropeltis getula, jina ambalo zamani lilimjumuisha pia nyoka wa Kalifonia, kwenye orodha ya viumbe vamizi, kwa hiyo walioko huko wasome sheria kabla ya jambo lolote. Watoto wa kahawia ni wanyama wazuri wa kufugwa. Wape watu unaowaamini, wakiwa tayari wanakula, na kadi zao za uzao. Kama hujapata watu hao bado, mwaka huu usiwakutanishe wazazi.